Kiti cha mfalme na kiti cha fundi wa saa

Viti vya magurudumu vinavyoletwa bandani kwangu Kariobangi Light Industries karibu vyote huwa vinaugua ugonjwa mmoja: magurudumu ya mbele. Yale madogo ya plastiki ngumu, upana wa vidole viwili. Utakuta uma unaoshika gurudumu umepinda, au beringi zimejaa mchanga na kutu hadi gurudumu halizunguki tena, linakokotwa tu. Mengine yamepasuka kabisa. Yale makubwa ya nyuma mara nyingi ni mazima. Labda tyubu imechoka na spoki kadhaa zimelegea. Ukimuuliza mwenyewe imekuwaje, atakutajia mtaro, kokoto, au ukingo wa barabara ambao aliyeujenga hakuwahi kuwaza kwamba kuna mtu atataka kuupanda akiwa ameketi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nilianza na mageti na madirisha, nikaingia kwenye mikokoteni na baiskeli, kisha viti vikaanza kuja vyenyewe, mteja mmoja akimwelekeza mwenzake. Rangi ikipakwa lazima ingojwe ikauke, na mimi si mtu wa drafti, kwa hiyo muda huo huwa nasoma kwenye simu habari za viti hivi vilikotoka. Nilikuwa na swali moja tu la kifundi: nani aliamua gurudumu la mbele liwe dogo hivyo, na huyo mtu alikuwa akitembea kwenye sakafu gani?

Wachina wana picha ya kiti chenye magurudumu iliyochongwa kwenye jeneza la mawe la karne ya 6, na Wagiriki kabla yao walichora kitanda cha mtoto chenye magurudumu kwenye chombo cha udongo. Hizo zitoshe kwa mambo ya kale. Kiti cha kwanza ambacho naweza kukikagua kifundi, sehemu kwa sehemu, ni cha mfalme.

Philip II wa Uhispania alisumbuliwa na jongo hadi miguu na mikono ikakataa kazi. Mwaka wa 1595 alikuwa na kiti ambacho Jehan Lhermite, mmoja wa watu wa kasri lake, alikichora na kukieleza. Mgongo wake uliweza kulazwa na kuinuliwa, ukishikwa na meno ya chuma. Kulikuwa na sehemu ya kunyooshea miguu, godoro lililojazwa manyoya ya farasi, na gurudumu dogo chini ya kila mguu wa kiti. Mbao, ngozi na chuma cha kawaida, lakini Lhermite aliona kwamba kwa raha ya mfalme kilikuwa na thamani kupita dhahabu. Namwamini. Mwenye jongo hata shuka likimgusa kidole cha mguu anapiga kelele.

Lakini tazama magurudumu. Manne, madogo, na hakuna hata moja ambalo aliyeketi angeweza kulifikia kwa mkono. Kwa nini angelifikia? Sakafu ilikuwa laini, na watumishi walikuwa wamesimama ukutani wakingoja kuitwa. Mfalme ambaye Ufilipino ilipewa jina lake, na ambaye amri zake zilifika Peru, hakuweza kutoka dirishani kwenda mlangoni bila kumwita mtu. Alifariki mwaka wa 1598, na nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza kama angependa kujisukuma. Karne iliyofuata Louis XIV wa Ufaransa naye alizungushwa kwenye bustani za Versailles akiwa ameketi, na bado wa kusukuma alikuwa nyuma.

Kwa hiyo gurudumu dogo lilitoka kasrini. Sikushangaa. Kitu kilichonifanya niinuke kwenye ndoo niliyokuwa nimekalia ni habari ya mtu mwingine, ambaye hakuwa na mtumishi hata mmoja.

Anaitwa Stephan Farffler. Alizaliwa mwaka wa 1633, akaishi Altdorf, mji mdogo karibu na Nuremberg, Ujerumani, na kazi yake ilikuwa kutengeneza saa. Hakuweza kutembea tangu utotoni. Mwaka wa 1655, akiwa na umri wa miaka 22, alijitengenezea kiti cha magurudumu matatu, mawili nyuma na moja mbele, na mbele yake akaweka mipini miwili ya kuzungusha kwa mikono. Mipini inazungusha meno, meno yanazungusha gurudumu la mbele, na kiti kinakwenda. Basi. Hakuna wa kusukuma.

Wasomaji ambao si mafundi huenda wasione ajabu ya jambo hili, kwa hiyo mnivumilie. Mwaka huo baiskeli haikuwapo duniani. Chombo cha magurudumu mawili cha Karl Drais, kile cha kusukuma kwa kupiga miguu chini, kilikuja mwaka wa 1817, na pedali zikafuata miaka ya 1860. Mnyororo wa baiskeli, tairi la upepo, bomba jepesi la chuma, vyote havikuwapo. Farffler hakuwa na kitu cha kuiga. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa meno, kwa sababu mtu anayetengeneza saa anajua kwamba meno machache yakisukuma meno mengi, mwendo unapungua na nguvu inaongezeka. Akachukua ujuzi wa kitu kinachokaa mezani na kuupanua hadi ukambeba yeye mwenyewe barabarani.

Na kile kiti kiko Nairobi. Simaanishi hicho chenyewe, namaanisha mpangilio wake. Simama asubuhi karibu na steji yoyote ya Jogoo Road na utakiona kikipita: magurudumu matatu, pedali za mkono mbele ya kifua, mnyororo unaoshuka hadi gurudumu la mbele, breki ya waya, na nyuma ya kiti kisanduku cha mbao au kreti ya soda iliyofungwa kwa mpira. Wenyewe wanaiita baiskeli, kwa kifupi. Mwenye kuuza kadi za simu na peremende anayo. Mshonaji viatu anayo. Wengi wa wateja wangu wenye umri walipata polio wakiwa watoto, miguu ikabaki myembamba na mabega yakafanya kazi ya mwili mzima.

Kuna mzee mmoja wa Makadara ambaye nimemtengenezea baiskeli yake tangu ilipokuwa na rangi nyingine. Aliwahi kupewa kiti kizuri cha kukunja, kipya, kinachong'aa, kwenye hafla ya kugawa misaada. Akapigwa picha nacho. Wiki ile ile akanijia na ile baiskeli yake kuukuu nimwekee mnyororo mpya.

"Mzee, si umepata kiti?"

"Kijana wangu, kile ni cha kukaa. Mimi nataka cha kwenda."

Sijasoma popote maneno yanayoeleza tofauti ya Philip na Farffler vizuri kuliko hayo.

Haina maana kwamba wenye mali wote walikubali kusukumwa. Jenerali Thomas Fairfax wa Uingereza, aliyeongoza jeshi la Bunge dhidi ya Mfalme Charles wa Kwanza, alizeeka akiwa na majeraha na jongo, na miaka ya mwisho kabla ya kifo chake mwaka wa 1671 alitumia kiti chenye mipini ya kuzungusha karibu na mikono. Kiti hicho kimehifadhiwa hadi leo. Karne moja baadaye akaja John Joseph Merlin, mzaliwa wa Huy, Ubelgiji, aliyehamia London mwaka wa 1760. Huyu ningependa sana kukaa naye bandani siku moja. Alitengeneza ala za muziki, saa, mizani, na viatu vya magurudumu. Inasimuliwa kwamba alikwenda kwenye karamu akiwa amevaa viatu hivyo huku akipiga fidla, na kwa kuwa hakuwa ameviwekea breki akaenda moja kwa moja kwenye kioo kikubwa cha bei kali, akakivunja, akavunja fidla, na yeye mwenyewe akaumia vibaya. Huyo huyo ndiye aliyebuni kiti cha wagonjwa wa jongo chenye mipini mwishoni mwa mikono ya kiti. Ukizungusha, magurudumu yanakwenda. Waingereza waliendelea kuviita viti vya aina hiyo kwa jina lake muda mrefu baada ya yeye kufariki mwaka wa 1803. Ila navyo vilikuwa vya sebuleni. Ukikitoa nje kimekwisha.

Nje kulikuwa na mji wa Bath. Una chemchemi za maji moto, na matajiri walikwenda kuloweka viungo vyao. Mwanzoni walibebwa kwenye viboksi na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Karibu mwaka wa 1750 James Heath wa mji huo akatengeneza kiti chenye magurudumu, na mwaka wa 1783 John Dawson akaja na cha kwake kilichouzika zaidi: makubwa mawili nyuma na dogo moja mbele, na mkononi mwa abiria mti wa kuelekezea. Abiria alichagua njia. Jasho lilikuwa la mwingine. Nairobi ya mwanzo wa karne ya 20 nayo ilikuwa na riksho, wazungu wameketi na Waafrika wanavuta, na ukitazama picha za zamani za mitaa hii unaona mpango ni ule ule. Tofauti ni kwamba abiria wa riksho alikuwa na miguu mizima.

Sasa kile kiti cha kawaida, ambacho ukitaja "kiti cha magurudumu" kila mtu anakiona kichwani: makubwa nyuma, madogo mbele yanayojigeuza. Hicho kilipatikana Marekani. Mwaka wa 1869, miaka minne baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, ilisajiliwa hataza, yaani haki rasmi ya mbunifu, ya kiti chenye magurudumu makubwa ya kusukuma kwa mikono nyuma na madogo mbele. Mwaka wa 1881 ikaongezwa ile pete ya pili ya pembeni ya kushikia, kwa hiyo mikono ikaacha kushika tairi lenye matope. Pete ndogo tu, lakini muulize mtu anayefika kazini na shati jeupe. Fremu zilikuwa za mbao na kiti chake cha henzirani kilichosukwa, kizito, kisichokunjika. Kisha baiskeli zikaanza kulipa deni ambalo Farffler alizikopesha bila kujua: spoki za waya, beringi, na tairi la upepo ambalo John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alilipatia hataza mwaka wa 1888 baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu, na ni jibu la haki. Gurudumu dogo linalojigeuza lina kazi yake. Ndani ya wodi, kwenye ujia mwembamba kati ya vitanda, linamwezesha mtu kuzunguka pale pale alipo, mkono mmoja mbele na mwingine nyuma. Gurudumu kubwa mbele haliwezi kufanya hivyo. Waliolibuni walikuwa wanafikiria sakafu ya mbao, na kwa sakafu ya mbao walipatia. Kosa ni la anayekitoa wodini na kukitua Mathare. Gurudumu likikutana na jiwe linalofika nusu ya kimo chake, halipandi. Linasimama, na aliyeketi anaendelea na safari peke yake. Gurudumu la inchi 6 jiwe lake ni la inchi 3, na mawe ya inchi 3 ndiyo yanayotandikwa kwenye barabara zetu kungoja lami isiyokuja.

Kukunjika kulikuja miaka ya 1930. Herbert Everest alikuwa mhandisi wa migodi aliyevunjika mgongo kazini, na hakukuwa na kiti kinachoingia kwenye gari lake. Rafiki yake Harry Jennings, mhandisi pia, akamtengenezea kimoja cha mabomba ya chuma chenye mihimili miwili inayopishana chini ya kitako, kinachojifunga kwa kuvutwa juu. Kila kiti cha kukunja unachokiona mjini ni mtoto wa kile. Wakafungua kampuni, ikatawala soko, hadi miaka ya 1970 serikali ya Marekani ikaishtaki kwa mambo ya bei. Wakati Everest anahangaikia gari lake, Franklin Roosevelt, aliyepooza kwa polio mwaka wa 1921, alikuwa akitumia kiti chembamba cha mezani kisicho na mikono kilichofungiwa magurudumu. Rais wa nchi tajiri, na kiti chake ni kazi ambayo kijana yeyote wa jua kali angeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Napenda hiyo. Alijua vipimo vya milango yake na hakutaka kiti kipana kuliko yeye.

Vipimo. Hapa nina kinyongo, niseme. Viti vingi vya msaada huja vya saizi moja, ya mtu mzima mnene wa nchi za baridi. Alikuja mama mmoja kutoka Dandora amembeba mtoto mgongoni huku anasukuma kiti kitupu. Mtoto akikalishwa humo anazama upande mmoja, miguu inaning'inia, na mgongo unaanza kupinda. Kiti kisichomtosha mtu kinamlemaza upya. Nilikata fremu, nikatoa bomba la katikati, nikaishona upya, tukaweka sponji mbili za ubavuni na ubao wa miguu kwa urefu wake. Aliyekigawa aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto amepata kiti, nami sina ubishi naye, alipata kweli.

Si kwamba hakuna wanaofanya vizuri. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilichoanzishwa mwaka wa 1958, kina karakana hapa Nairobi inayotengeneza viti na baiskeli za pedali za mkono. Na kuna Mmarekani anayeitwa Ralf Hotchkiss, mhandisi aliyepooza kwa ajali ya pikipiki akiwa mwanafunzi. Mwaka wa 1980 alikwenda Nikaragua, akakuta vijana wanne wanatumia kiti kimoja kwa zamu, na kwa sababu kilikuwa kinavunjika kila mara walikuwa wamekirekebisha kwa akili zao. Akakaa chini nao kujifunza. Kutokana na safari za namna hiyo alijenga viti vya ardhi mbaya: gurudumu la mbele limesogezwa mbali ili kiti kisipige mbizi, fremu ya bomba linalopatikana dukani popote, na vipuri vya baiskeli ya kawaida. Gurudumu la mbele la viti hivyo ni la mpira mpana, laini, wenye mgongo wa duara, na asili yake ni Zimbabwe. Nilipoliona kwenye picha nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa tayari nachukua mabaki ya tairi kwa washonaji wa akala, vile viatu vya tairi, kutafuta kitu cha kufanana nalo.

Kwa hiyo mgonjwa wa magurudumu ya mbele akija, siku hizi simrudishii ya plastiki. Narefusha fremu mbele kiasi cha kiganja, nafunga uma mpya wa bamba nene, naweka mpira mpana. Kinakuwa kizito kidogo na kinahitaji nafasi zaidi kugeuka jikoni. Namwambia mteja hivyo kabla sijawasha mashine, achague mwenyewe.

Linalonisumbua zaidi sasa ni usafiri wa matatu, yale mabasi madogo ya abiria. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa namna inayofaa. Makanga hajaisoma. Kiti cha kukunja ataking'ang'ania hadi kiingie buti, na akulipishe kama mzigo. Baiskeli ya pedali za mkono hata hataitazama. Ndiyo maana mtu mwenye baiskeli ya kwenda anaishia kilomita chache kutoka nyumbani kwake, na mwenye kiti cha kukunja anafika mjini lakini akishuka hawezi kuvuka kokoto za steji.

Mwalimu mmoja wa Umoja ameniomba nimuunganishie vyote viwili. Anataka gurudumu la Farffler, pamoja na pedali na mnyororo wake, lijifunge mbele ya kiti cha kina Everest kwa klampu mbili, liinue yale madogo kutoka ardhini, na akifika kwenye matatu alifungue, kiti kikunjwe, gurudumu likae mapajani. Wenzetu ng'ambo wanauza vitu hivyo kwa bei ya pikipiki. Fremu ya kwanza nimeshaichomelea. Klampu zinashika vizuri kwenye tambarare lakini kwenye mlima zinateleza kidogo kwenye bomba, nafikiri kwa sababu nguvu ya mikono inavuta upande mmoja baada ya mwingine. Nitazijaribu na ufito wa mpira ndani na boliti ya pili. Kinachonikwamisha ni gurudumu la inchi 20 lenye ekseli nzima na freewili isiyoruka, yale meno yanayoshika ukikanyaga mbele na kuachia ukirudi nyuma. Mwenye baiskeli ya mtoto iliyokufa fremu asiiuze kwa chuma chakavu. Aniletee, tutaelewana bei.